Kulegeza masharti ya korona: Kenya ilianza na baa, darasa likasubiri

Tarehe 6 Julai 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kuondolewa kwa zuio la kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera, maambukizi ya korona nchini Kenya yalikuwa bado yanapanda. Uamuzi huo uliwagawa watu, na kila upande ulikuwa na hoja nzito.

Waliotaka masharti yalegezwe walianzia tumboni. Kibarua, mama mboga na utingo wa matatu hula walichopata siku hiyo, na kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliwanyang'anya saa zile ambazo wateja hurejea kutoka kazini. Amri yenyewe pia ilizaa madhara. Siku ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni, Mombasa, walipigwa na polisi na kurushiwa vitoza machozi wakiwa wamebanana, yaani katika hali ileile ambayo amri ilikusudia kuizuia. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, Nairobi.

Waliohimiza subira walitazama vipimo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza kwamba, kabla ya nchi kulegeza masharti, waliopatikana na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya waliopimwa kwa muda wa siku 14. Serikali nayo ilizitaka kaunti ziwe na angalau vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa kila moja, na nyingi zilikuwa hazijafikia idadi hiyo. Tena ugonjwa huu huchelewa kujionyesha: anayeambukizwa leo huenda akafika hospitalini wiki mbili baadaye, kwa hiyo wodi yenye nafasi leo haisemi lolote kuhusu wiki zijazo.

Kwa maoni yangu, mjadala ulielemea mno kwenye tarehe, ilhali jambo lililostahili kubishaniwa zaidi ni utaratibu: nani afunguliwe kwanza. Rais alisema hali ingefuatiliwa kwa siku 21, na muda huo ulipokwisha aliamuru baa ziendelee kufungwa na kupiga marufuku uuzaji wa pombe mikahawani bila kuwarudisha wananchi wote kifungoni. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Lakini mwishoni mwa Septemba baa zikaruhusiwa tena na kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku, wakati hakuna mwanafunzi wa shule ya msingi wala sekondari aliyekuwa amerudi darasani. Wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea tarehe 12 Oktoba. Wengine walingoja hadi Januari 2021.

Utaratibu huo una utetezi wake. Baa huajiri watu na hulipa kodi, na madarasa mengi ya umma yamefurika wanafunzi ambao jioni hurudi kwa bibi na babu zao. Hata hivyo, kila mlango unaofunguliwa hula sehemu ya nafasi ndogo iliyopo kabla hospitali hazijaelemewa, na nafasi iliyotumiwa na baa haikubaki kwa watoto. Kufikia tarehe 4 Novemba maambukizi yalikuwa yamepanda tena, kafyu ikarudishwa hadi saa nne usiku, na mikutano ya siasa ikapigwa marufuku, ingawa wanasiasa walikuwa wamekwisha kuzunguka nchi na umati wao.

Majirani walichukua njia nyingine. Uganda haikufungua shule zote hadi Januari 2022, gharama ambayo sioni jinsi ya kuihalalisha. Tanzania ilifungua shule mapema, Juni 2020, lakini ilikuwa imeacha kutoa takwimu, kwa hiyo hata anayeusifu uamuzi huo hana namba za kumuunga mkono.

Kenya ilikuwa na takwimu za kila siku, ila haikuzifunga kwenye ahadi ya lini ingefunga au kufungua. Machi 2021, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilipofungwa usiku wa siku ileile ya tangazo, wasafiri hawakupata muda wa kujipanga. Kiwango cha maambukizi cha kufunga nchi kingetangazwa mapema, mwenye duka wa Nakuru angeona asilimia zikipanda wiki nzima, akajua la kufanya na mzigo wake kabla rais hajasimama kuhutubia.