Apu ya kubuku safari za Zanzibar ianzie kwenye simu ya nahodha

Nimekaa na hili jambo miezi minane sasa na leo nimeona bora niliandike, maana kila nikikutana na vijana wenzangu wanaotengeneza apu za utalii hapa Zanzibar naona wote tunaanzia palepale, tunaanza na mgeni. Picha kubwa ya Nungwi, maji ya buluu, chini yake bei kwa dola, nyota tano, kitufe cha kubuku. Na mimi ndo nilivyoanza. Nilichora vioo, yaani kurasa za apu zinavyoonekana kwenye simu, kama thelathini hivi, vikapendeza, alafu nikapanda daladala mpaka Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, kumuonesha ami yangu ambaye ni nahodha, ana boti moja ya faiba na ngalawa, anapeleka wageni kwenye miamba kuangalia samaki.

Ami akapitisha kidole kwenye zile picha zote bila kusimama, akafika mwisho, akaniuliza: "Sasa mwanangu, mimi hapa nabonyeza wapi?"

Vioo thelathini na hakuna hata kimoja nilichomchorea yeye. Kwenye michoro yangu nahodha alikuwa jina dogo chini ya picha, basi. Wakati bila yeye hakuna cha kubuku, boti haiendi yenyewe.

Nikamuuliza kwanini aliacha ile apu ya nje ambayo kijana mmoja alimuingizia miaka miwili nyuma, ndo akanihadithia. Meseji ya kwanza kabisa iliingia jioni, imeandikwa kwa Kiswahili, wageni wanne, kesho saa 9:00. Ami akasoma saa tisa, na saa tisa kwa mtu yeyote aliyezaliwa hapa ni alasiri, kwahiyo asubuhi akaenda zake kufungua injini aisafishe. Wageni walikuwa wamesimama pwani tangu saa tatu asubuhi, wamengoja mpaka jua limewachoma, wakaondoka na hasira. Pesa zikarudishwa na ikaandikwa nyota moja. Na kwasababu ndo ilikuwa rivyuu yake ya kwanza, kila aliyefungua ukurasa wake baada ya hapo alikuta hiyo tu, nahodha asiyetokea. Hakupata bukingi nyingine. Mtu ambaye tangu nimjue anakuwa chomboni kabla wenzake hawajaamka!

Hili liliniuma sana, na bado linaniuma, kwasababu ile meseji ilitafsiriwa maneno lakini saa haikutafsiriwa. Sisi saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na huku karibu na ikweta jua halibadilikibadiliki sana mwaka mzima kwahiyo hesabu inakaa vizuri. Simu ikikuandikia 9:00 inamaanisha saa tatu. Kila Mswahili mwenye simu anafanya hii hesabu kichwani siku nzima bila hata kufikiri, ila shida inakuja pale namba imewekwa ndani ya sentensi ya Kiswahili, hapo ubongo unaacha kugeuza, unasoma kama ilivyo. Kwahiyo kwangu mimi sheria ya kwanza ya apu ya aina hii kwenye mwambao ni kwamba saa isitumwe kwa namba peke yake. Nahodha aandikiwe "saa tatu asubuhi" kwa maneno, mgeni aandikiwe 9:00, na wote wawili wawekewe mstari wa mchana unaoanzia jua linapotoka mpaka linapozama, na alama palepale safari inapoanzia. Ami alivyoona ule mstari hakuhitaji kuelezwa kitu.

Na usiku ndo mgumu zaidi. Watu wengi wa pwani, hasa wazee, siku inageuka magharibi, kwahiyo ukimwambia usiku wa Ijumaa anaelewa ule usiku baada ya Alhamisi. Mgeni amebuku kula Forodhani Ijumaa usiku, mtembezaji kaja jana yake. Hapo andika "Ijumaa jioni, baada ya magharibi, tarehe fulani", sentensi iwe ndefu lakini watu wakutane. Na mwezi wa Ramadhani yale matembezi ya chakula ya mchana yasionekane kabisa kwenye kalenda, yahamie yenyewe baada ya futari, mtu asingoje mpaka abishane na mgeni kwenye simu.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndo naona apu karibu zote zinakosea na zinakosea kwasababu zilizaliwa kwengine. Hizi kubwa kama GetYourGuide iliyoanzia Zurich mwaka 2009, au Klook ya Hong Kong ya 2014, mi nazisoma kila siku na nimejifunza mengi kwao, lakini msingi wao ni tiketi ya makumbusho, basi la kutembeza mji, mnara. Mlango unafunguliwa saa nne leo, kesho saa nne, mwaka mzima saa nne. Kwa nchi kavu mambo hayo yanakwenda hata kwetu, mashamba ya viungo kule Kizimbani au kima punju wa Jozani unaweza kuwapangia saa ileile kila siku na usikose. Baharini haiwezekani. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, upande wa mashariki bahari inakimbia mpaka unaona watu wadogo kule mbali, na kukupwa kwenyewe kunaangukia saa nne saa tano asubuhi. Wiki moja baadae ni maji mafu, saa nne hiyohiyo boti inaelea vizuri. Kwahiyo apu inayomuuzia mgeni safari ya saa nne kila siku kutoka Jambiani, nusu ya mwezi inamuuzia boti iliyokaa mchangani.

Kila mtu kijijini anajua haya, mtoto wa darasa la pili anakwambia leo bamvua. Kalenda ya apu ndo haijui. Na jedwali la maji kupwa na kujaa linahesabika kabla miaka na miaka, si siri, sio kama upepo ambao unabahatisha. Kwanini basi tunamtaka nahodha akae usiku afungue na kufunga tarehe moja moja kwa kidole wakati mwezi umeshamfanyia kazi hiyo? Mi nimegeuza. Nahodha anajibu maswali mawili tu siku ya kwanza, anaondoka na maji ya kiasi gani na safari inachukua muda gani, baada ya hapo kalenda inajijaza yenyewe mwaka mzima. Kina mama wa mwani wao ni kinyume chake, mashamba yao yanaonekana maji yakitoka, kwahiyo mgeni anayetaka kuona mwani Paje atapewa zile siku za bamvua, na lile fungu la mchanga la Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe hivyohivyo, maana maji yakijaa linabaki kidogo. Mgeni aambiwe sababu pia. Nimejaribu kuwaelezea wageni kadhaa pale Forodhani nikitumia mchoro wa karatasi na walipenda, mmoja akabadilisha siku yake ya kwenda Paje palepale.

Upepo nao. Kusi ikikaza, Juni mpaka Septemba hivi, kuna siku Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi na nahodha mwenye akili hatoki. Kwenye apu nyingi mtoa huduma akighairi anaadhibiwa, anashushwa chini kwenye orodha. Fikiria hapo unamfundisha nini. Unamwambia atoke tu. Kughairi kwa ajili ya bahari kuwe na kitufe chake, kisimguse nahodha hata kidogo, na mgeni apewe kuchagua siku nyingine au pesa yake. Hili sitalilegeza hata aje mwekezaji wa namna gani.

Jambo la pomboo pale Kizimkazi linafanana na hilo, na ndo lililonibadilisha zaidi. Watafiti wameshaandika kwamba maboti yanawasumbua wale pomboo, yanawakata njia, wageni wanarukishwa majini juu yao, na mtu akienda asubuhi moja tu anaona mwenyewe maboti kumi yanakimbilia pezi moja. Watu wanawalaumu manahodha. Mi nawauliza, nani ameandika "utaogelea na pomboo" kwa herufi kubwa? Nani ameweka kwamba usipowaona unarudishiwa pesa? Ni sisi wachoraji. Ile sentensi tuliyoiandika ofisini kwenye kiyoyozi ndo inayosukuma injini kule, kwasababu nahodha kashanunua petroli na pomboo asipoonekana hasara yake. Kwahiyo kwangu safari inaitwa "kwenda baharini Kizimkazi", picha iwe ya boti iliyosimama mbali, ahadi ya kuona isiwepo, na pesa ya nahodha haitegemei mnyama.

Pesa yenyewe niseme haraka. Apu za nje zinakata asilimia 20 na zaidi, na malipo mara nyingi yanakuja baada ya wiki au mwisho wa mwezi, kwenye benki. Petroli inanunuliwa alfajiri na kwa pesa taslimu. Mgeni alipe kwa kadi yake, sawa, lakini sehemu ya mafuta iingie kwa nahodha jioni ileile kwenye simu, M-Pesa au mtandao wowote anaotumia. Na usimletee fomu za paswadi na imeili. Ami hana imeili lakini menyu ya M-Pesa, ile *150*00#, anaipiga gizani huku kashika kamba kwa mkono mwengine, kubonyeza namba moja, mbili, tatu ndo lugha ya simu aliyoizoea. Basi bukingi imfikie hivyo, bonyeza 1 kukubali, 2 kukataa, 3 nipigie. Na sauti, maana watu wa hapa wanatuma voisi za WhatsApp kuliko wanavyoandika, na chomboni mikono imelowa.

Kuna wanaosema apu itawaondoa mapapasi, wale vijana wanaowatafutia wageni safari kwa kamisheni. Sioni hivyo na sitaki hivyo, papasi mzuri ndo anajua sasa hivi nani yuko pwani, boti ya nani injini yake mbovu, nani kaenda mazikoni. Hakuna kalenda inayojua hayo. Mpe nafasi yake kwenye apu na asilimia yake iandikwe wazi mgeni aione.

Mahali pa kukutania nako kunahitaji kazi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinaivuruga ramani ya simu, ile nukta inarukaruka nyumba tatu mbele, na kusema "chini ya Mtini pale Mizingani" kunamsaidia mwenyeji tu. Hii suluhisho lake limetoka kwa ami mwenyewe. Aliniambia anataka kitufe kimoja kikubwa kinachosema "Nimefika", akikibonyeza simu inapiga picha ya alipo na fulana aliyovaa, mgeni anatumiwa. Akasema angekuwa nacho siku ile ya wageni wanne, angalau wangeona kwamba hakuna picha wangempigia simu.

Nimeshakichora, na kipo kwenye kioo cha kwanza, juu ya kila kitu. Jumapili narudi Jambiani kukijaribu na ami pamoja na manahodha wenzake watatu. Ni bamvua, maji yatakupwa saa nne na nusu asubuhi, na ami kasema nifike saa moja kama nataka kuwakuta kabla hawajatoka.