Dawa ya mifupa ya mama na kikaratasi kilichotugawa

Mama hakuanguka. Aliinama kuinua ndoo ya maji, ile ndogo ya lita 10, nayo haikujaa. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Aliniita kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeshangaa kuliko aliyeumia, nikamkuta kashika ukingo wa kitanda, hawezi kunyooka wala kukaa. "Mwanangu, kuna kitu kimelia mgongoni kama kijiti kikavu." Eksirei ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea upande wa mbele, kama boksi lililokaliwa. Alikuwa na miaka 69.

Miaka minne kabla ya hapo aliteleza kibarazani kwetu Tanga, akavunjika kifundo cha mkono. Hospitalini wakamfunga hogo, baada ya wiki 6 likatolewa, akaambiwa amepona. Hakuna aliyeuliza kwa nini mkono uvunjike kwa kuteleza kudogo namna ile, na sisi wanawe hatukuuliza pia. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana mkono ule ndio uliokuwa unatupa habari. Tuliufunga, tukamshukuru Mungu, tukaendelea na shughuli.

Ugonjwa wenyewe unaitwa osteoporosisi. Wengi tunauchanganya na ule tunaouita mifupa kusagika, yale maumivu ya magoti na nyonga ambayo shida yake iko kwenye maungio. Huu ni mwingine. Mfupa unapungua kwa ndani, unabaki matundu matundu kama mkate wa kumimina, na hauumi hata kidogo mpaka siku unapovunjika. Kwa wanawake unapungua kwa kasi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiulinda. Wanaume nao wanaupata. Na anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa miezi mingi, awe mwanamke au mwanamume, anauharakisha.

Daktari wa mifupa akamwandikia mama alendroneti, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa mara nyingi, na hicho ndicho kilichotugawa. Mama mdogo, anayeishi Muscat, aliomba apigiwe picha ya kikaratasi hicho. Usiku huo akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: mfupa wa taya kufa, paja kuvunjika bila kuanguka, umio kuchubuka. "Dada, wamekupa dawa ya mifupa inayovunja mifupa?" Kaka akatuma tangazo la unga wa kalsiamu. Jirani akaleta habari za supu ya kongoro. Mama akaacha kidonge wiki ya tatu, na simlaumu. Ungesoma karatasi ile peke yake, nawe ungeacha.

Hayo yote yaliyoandikwa mle ni kweli. Lakini ugonjwa haukuja na kikaratasi chake. Hakuna boksi lililofika nyumbani likieleza yanayompata mwanamke wa miaka 69, aliyekwisha vunjika mkono na mgongo, asipomeza kitu. Kwa hiyo tulikuwa tunapima mzani wenye sahani moja.

Sahani ya pili niliitafuta mwenyewe, na nilitaka hesabu ya watu, si ya asilimia. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuata kwa miaka 3 hivi wanawake 2,027 ambao tayari pingili zao zilikuwa zimebonyea, kama mama. Nusu walipewa alendroneti, nusu kidonge kisicho na dawa. Katika kila 100 waliokosa dawa, 15 walipata pingili nyingine iliyobonyea. Kwa waliomeza, 8. Waliovunjika nyonga walikuwa kama 2 katika 100 bila dawa, na 1 kwa dawa.

Habari hiyo hiyo unaweza kuisema kwa njia mbili. Anayeuza dawa atakwambia inapunguza nusu ya mivunjiko ya nyonga, na ni kweli. Anayeichukia atakwambia kwa nyonga inamwokoa mtu mmoja katika 100, nayo ni kweli. Mgonjwa akiambiwa moja tu, ameshaamuliwa na aliyemwambia. Ningetamani kila daktari anayeandika dawa hii achukue kalamu, achore vichwa 100 vya watu kwenye karatasi, aweke alama: hawa wangevunjika, hawa wameokoka, huyu kadhurika. Ni kazi ya dakika tatu.

Kwangu mimi, 15 kwa 8 ndiyo iliyoamua, kwa sababu pingili moja nilikwisha kuona inafanya nini. Kwa miezi miwili mama hakuweza kusujudu, aliswali kwenye kiti cha plastiki. Hakuweza kuanika nguo. Gauni lake la kitenge, alilolivaa miaka yote likilingana pande zote, likawa linaburuza mbele na kupanda nyuma, maana mgongo umepinda. Alilichukua akakaa akalipunguza upindo wa mbele kwa sindano, bila kusema neno. Pingili ya pili na ya tatu zikifuata, mtu huishiwa hata nafasi ya kuvuta pumzi vizuri na kula akashiba. Pingili mpya, ingawa nyingine huonekana kwenye eksirei tu bila maumivu, ndizo zinazozuiwa kwa watu 7 katika 100, na mimi sizioni ndogo.

Msimamo wangu basi ni huu. Mtu aliyekwisha kuvunjika kwa jambo dogo, hasa mgongo au nyonga, asiikimbie dawa kwa sababu ya kikaratasi. Lakini simwambii hivyo kila mtu. Mwanamke wa miaka 52 ambaye hajawahi kuvunjika, akapimwa kwa mashine ya DEXA, ile ya kupima wingi wa mfupa, akaambiwa yuko kwenye alama ya hasi 1.8 (kadiri alama inavyoshuka, ndivyo mfupa ulivyopungua), yuko mahali pengine kabisa. Alama inayoitwa ugonjwa, kwa vipimo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, ni hasi 2.5 kushuka chini. Huyo wa hasi 1.8 faida yake ni ndogo sana kwa sasa, ila madhara ya dawa hayatampunguzia kwa vile yeye ni kijana. Kumtia hofu ameze vidonge miaka kumi, hapo ndipo mimi na waandikaji dawa tunapoachana.

Na jambo jingine lisifichwe: wanawake wa utafiti ule walikuwa karibu wote Wazungu. Kwetu bado kuna imani kwamba mtu mweusi hapati ugonjwa huu, na nadhani imani hiyo ndiyo iliyofanya mkono wa mama ufungwe bila swali. Mama yangu ni mweusi na pingili yake imebonyea.

Sasa yale ya kutisha. Mfupa ni kama nyumba isiyoisha ukarabati: kuna seli zinazobomoa kuukuu, na nyingine zinazojenga upya nyuma yao. Uzeeni wabomoaji wanawazidi wajenzi. Alendroneti inanata kwenye mfupa na kuwalemaza wabomoaji. Mfupa unabaki. Lakini ukiwazuia kwa miaka mingi mno, na ile mifupa mikuukuu yenye nyufa ndogondogo nayo inabaki, na ndiyo maana paja linaweza kukatika katikati bila ajali. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020, wa wanawake karibu 200,000, ulilipa jambo hili uzito wake. Kwa wanawake Wazungu 10,000 waliotumia dawa miaka 3, mivunjiko 149 ya nyonga ilizuiwa, na mapaja 2 yalivunjika kwa sababu ya dawa. Kwa wenye asili ya Asia, 91 ilizuiwa na 8 ikaletwa. Kadiri miaka inavyoongezeka hatari inapanda, na mtu akiacha dawa inashuka haraka. Tena paja mara nyingi linatoa taarifa: maumivu ya chinichini kwenye paja au kinena, wiki au miezi kabla. Hilo nimemwambia mama mara nyingi mpaka amechoka kulisikia.

Taya ni nadra zaidi. Kwa wanaotumia dawa kwa ajili ya osteoporosisi, ni kati ya mtu 1 katika 10,000 na 1 katika 100,000 kwa mwaka. Wengi waliopatwa ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa za dripu, mara nyingi kila mwezi. Hata hivyo tulimpeleka mama kwa daktari wa meno kwanza, jino bovu likang'olewa, kidonda kikafunga, ndipo akaanza upya.

Linalowasumbua watu wengi zaidi ni koo na kiungulia, na hapo namna ya kumeza ndiyo dawa yenyewe. Tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa nzima bila kulala wala kula. Chai ya maziwa hapana: kalsiamu ya maziwa inaishika dawa, haiingii mwilini. Wiki zile tatu za mwanzo mama alikuwa anakimeza na chai ya maziwa na chapati, kisha anajinyoosha kitandani. Hakuna aliyemwelekeza, hata duka la dawa. Sasa ni kila Alhamisi baada ya swala ya alfajiri, anakaa kibarazani na tasbihi yake mpaka nusu saa iishe. Ramadhani anaamka nusu saa kabla ya daku. Figo zilipimwa pia, kwa sababu zikiwa dhaifu sana dawa hii haifai.

Asiyeweza kumeza ana dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka, ambayo siku mbili tatu za mwanzo inaweza kuleta homa na mwili kuuma. Ninayoiogopa kwa mazingira yetu ni sindano ya denosumabu ya kila miezi 6. Ni dawa nzuri sana. Inawasimamisha wabomoaji bila kunata kwenye mfupa, na kwa hiyo ukichelewa au kuacha, wanarudi kwa wingi na hasira, na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfululizo. Lazima ikae kwenye friji, na anayeiacha lazima abadilishiwe dawa nyingine papo hapo. Mama mdogo, kwa mapenzi yake, alitaka kuileta kutoka Muscat. Nilimuuliza: na ile ya baada ya miezi 6 ataileta nani? Kama huna uhakika wa sindano ya pili na ya tatu, usianze ya kwanza.

Njia mbadala nazo nimezipima kwa mzani ule ule, kwa sababu neno "asili" haliniondolei maswali. Vitamini D: mwaka 2022 Marekani walitoa matokeo ya watu 25,871, waliofuatwa miaka 5 na zaidi. Vidonge havikupunguza mivunjiko. Lakini hao hawakuchaguliwa kwa upungufu. Bibi anayeshinda ndani na akitoka kajifunika mwili mzima ni habari nyingine, na upungufu ukipimwa ukaonekana unafaa kutibiwa. Unga wa kalsiamu wa kaka ulikuwa na bei ya kuumiza, na dagaa wakavu wanaliwa na mifupa yao. Supu ya kongoro ni tamu, ila kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya moto; inabaki kwenye mfupa unaoutupa.

Mazoezi ndiyo mbadala ninayoiheshimu. Huko Australia wanawake 101 wenye mifupa iliyopungua walifanya mazoezi kwa miezi 8, na waliopewa kunyanyua vitu vizito chini ya msimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, mifupa ya mgongo iliongezeka karibu asilimia 3, huku ya wenzao ikipungua. Kutembea peke yake hakufanyi hivyo. Ila mtu ambaye pingili yake imebonyea juzi asije akabeba chuma kwa kuiga video. Mama alianza na kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10, chini ya macho ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Na kuanguka. Tulizitupa kandambili zilizolika soli, tukafunga bomba la kushikia chooni, tukaweka taa ya kuchaji karibu na kitanda kwa ajili ya umeme kukatika, na mahali anapotia udhu tukaweka mpira usioteleza. Fedha yote ilikuwa ndogo kuliko boksi moja la unga ule.

Mwakani inatimia miaka 5 ya kidonge, na tutapima tena, kwa sababu kwenye miaka 5 wengi hupumzishwa. Utafiti wa mwaka 2006 uliwagawa wanawake 1,099 waliofika hapo: wengine wakaendelea miaka 5 mingine, wengine wakaacha. Mivunjiko mingine haikutofautiana, lakini ya pingili zilizojitokeza kwa maumivu ilikuwa kama 5 katika 100 kwa walioacha, na 2 kwa walioendelea. Mama ni mtu wa pingili, kwa hiyo naelekea kwenye kuendelea, ila paja lake lina neno pia. Maswali nimeyaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Mama mdogo ameniomba siku hiyo nimpigie picha ya majibu.