Kihisi Kwapani

Suruali zangu zote tano zilikuwa ndani ya mashine, na mashine haikutaka kufungua mlango. Ilifua vizuri, ikakamua, ikaingia kwenye kukausha, halafu baada ya dakika mbili tatu ikanyamaza na kuanza kupepesa taa. Kwenye kioo ikaandika herufi moja na tarakimu mbili. Kitabu chake kilisema: hitilafu ya kihisi joto.

Nikagusa mlango. Baridi kama mtungi. Lakini mashine ilikuwa imeshajiaminisha kwamba ndani kuna tanuri, na hizi za kufua na kukausha haziachii kitasa mpaka ziridhike kuwa kumepoa.

"Ita fundi," mke wangu akasema.

Mimi na neno hilo hatupatani. Nikajifunga shuka kiunoni, nikachomoa plagi ukutani, nikafungua kifuniko cha juu.

Kihisi chenyewe ni kijidude cha urefu wa kifundo cha kidole, kimechomekwa kwenye njia ya hewa ya moto. (Kuna kingine kule chini karibu na hita ya maji, ila hicho hakikuwa na kesi.) Kikipata joto, ukinzani wake, yaani ugumu wa umeme kupita ndani yake, hushuka, kikipoa, hupanda. Kwa hiyo waya ukikatika, mashine hudhani imo kwenye barafu. Nyaya mbili zikigusana, hudhani inaungua. Yangu ilikuwa inaungua.

Nikakitoa, nikakivua kofia ya vumbi la nguo, nikakipima ukinzani kwa mita: omu elfu kumi kasoro kidogo. Hicho ndicho kipimo chake kwenye nyuzi 25. Nikajiambia, huenda kinaigiza tu kikiwa baridi, ngoja nikipashe. Maji ya moto yalikuwa jikoni, hatua kumi hivi. Nikaona mbali. Nikavua shati, nikakibana kwapani.

Namba zikaanza kuteremka. Elfu tisa. Elfu nane. Nimepiga magoti nyuma ya mashine, kifua wazi, waya unaning'inia kwapani, nashangilia kwa sauti kuu: "Shuka! Shuka! Shuka!"

Shuka nalo likadhani linaambiwa lenyewe.

Na hapo ndipo mlango ulipofunguka, akaingia mama mkwe.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka sakafuni, mkono mmoja umebana kihisi, wa pili unapapasa shuka.

Hakuitikia. Nikasikia kandambili zikirudi sebuleni haraka, kisha sauti: "Mwanangu, mumeo ana homa tangu lini?"

"Mashine ndiyo yenye homa, mama."

Kimya kirefu.

Elfu sita na ushee. Kwa joto la kwapa ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo kihisi kizima kabisa. Nikachomoa nyaya zake kwenye bodi, nikazipima zenyewe, zisizoshikana na kitu chochote. Mita ikalia piiii, mlio wa nyaya zinazogusana. Nyaya zilizo peke yake hazina haki ya kulia. Nikazifuata kwa vidole hadi nyuma, kwenye ukingo wa bati, nikakuta zimefungwa pamoja kwa uzi wa gunia, fundo limekazwa kweli kweli. Pipa lilivyokuwa likitetemeka, bati likazikereza ngozi hadi shaba zikabusiana.

Uzi ule naujua. Mwezi uliopita nilifungua kifuniko hichohicho kutafuta mlio, nikazifunga nyaya "zisipige kelele".

"Nani kafunga hivi?" mke wangu akauliza, kainama begani kwangu.

"Kiwandani."

Nikazitenganisha, kila waya nikauzungushia utepe wake, nikazisogeza mbali na bati, nikarudisha kihisi, nikafunga, nikachomeka plagi. Taa zikawaka, zikatulia. Kach! Mlango huo. Suruali zilitoka zimejikunja kama matambara, mbichi, zinanuka uvundo. Nikavaa moja hivyohivyo, maji yakichuruzika hadi visiginoni, nikaenda sebuleni.

"Shikamoo, mama."

Akanikagua kuanzia miguuni, akafika kwapani, akatua hapo.

"Marahaba, mwanangu. Homa imeshuka?"