Nyumba ya Mtoza Ushuru Ikichomwa, Nani Alipe?

Tarehe 17 Julai 1794, mamia ya wakulima wenye bunduki waliizingira Bower Hill, karibu na Pittsburgh, Marekani. Ilikuwa nyumba ya Jenerali John Neville, mkaguzi wa ushuru wa pombe kali magharibi mwa Pennsylvania. Mwenyewe alikuwa ameshatoroka. Askari wachache walioachwa kuilinda wakasalimu amri, nyumba ikateketezwa.

Wenye nyumba kama huyu walipodai fidia, walikuwa na hoja nzito. Sheria ya 1791 iliyoweka ushuru huo, ambao wakulima waliupinga, haikuwa ya Neville. Ilipendekezwa na waziri wa fedha, Hamilton, Bunge likaipitisha. Neville alitumwa tu. Serikali ikimwacha mtumishi wake abebe hasara peke yake, kesho nani atakubali kwenda kukusanya kodi vijijini? Mtozaji mwingine, Benjamin Wells, alikuwa ameshavamiwa nyumbani Novemba 1793 na kulazimishwa kutoa hati yake ya kazi na vitabu vya hesabu.

Upande wa pili nao una lake. Neville hakuwa karani wa mshahara mdogo: alikuwa tajiri mwenye mashamba na watumwa, na mtambo wake mwenyewe wa pombe. Ushuru ule uliwabana zaidi wakulima wadogo, ambao pombe kwao ilikuwa karibu fedha taslimu, maana nafaka yenyewe ilikuwa ghali kuivusha milimani. Kumlipa kutoka hazina ni kuwatoza wao mara ya pili. Kwa nini asiwashtaki waliochoma?

Hoja hiyo ya mwisho hainiridhishi. Umati hauna anwani, na waliokamatwa wengi waliachiliwa. Wawili waliohukumiwa kwa uhaini walisamehewa na Rais George Washington.

Februari 1795 Bunge lilitenga dola zisizozidi 8,500 kuwasaidia maofisa na raia wengine walioharibiwa mali, kwa sharti kwamba watatoa hesabu yake baadaye. Naona lilifanya vizuri kuwaweka raia humo. Aliyempa ofisa hifadhi naye alihatarisha mali yake, tena bila cheo.

Ila kuna waliokosa hata mlango wa kubisha. Siku moja kabla ya moto, watumwa wa Neville waliwafyatulia risasi washambuliaji wakiilinda nyumba hiyo. Wao kisheria walihesabiwa mali, na mali haidai fidia.