Mjomba, Mbona L Iko Kulia?

Nimeendesha baiskeli miaka 22. Nalisema hilo mapema ili ujue kwamba aliyeanguka kwenye ua wa jirani si mtu wa hivi hivi. Mnyororo ukikatika njiani, naitwa mimi. Breki ikilia, mimi husema "hiyo pedi ya nyuma imekwisha" bila hata kuinama. Na mgeni akijiunga na kikundi chetu, ni mimi, Mungu anisamehe, ninayemsimamisha kando ya barabara nimpe somo la pedali ya kushoto.

Somo lenyewe ni hili. Pedali ya kulia hufungwa kama skrubu nyingine yoyote, kwa kuizungusha kulia. Ya kushoto hesi zake, ile mistari ya skrubu, zimegeuzwa, hufungwa kwa kuizungusha kushoto. Wengi hudhani ni ukaidi wa kiwanda. Hapana. Mtu anapokanyaga kwenda mbele, uzito wa mguu hulemea upande mmoja wa tundu, na lemeo hilo huzunguka kadiri pedali inavyozunguka, likiisukuma skrubu kidogo kidogo bila mtu kuona. Hesi zikiwa upande sahihi, mwendo wako wenyewe unaikaza pedali. Zikiwa kinyume, unaifungua huku unapiga soga. Hapo huwa natua, namtazama mgeni machoni, kisha naongeza kwamba ndugu Wright, kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, walikuwa mafundi wa baiskeli. Haihusiani na chochote, lakini mgeni hutikisa kichwa kwa heshima.

Sasa, rafiki yangu alikuwa anahama nyumba, akaniachia boksi. Ndani yake mlikuwa na baiskeli ya gurudumu moja, vipande vipande: gurudumu la inchi 20, uma, kiti, mikono miwili ya pedali, yaani vile vyuma vinavyoshika pedali, na pedali zake. Aliinunua akiwa na ndoto, akaihifadhi akiwa na busara. Mimi nikaona haya mambo ni mepesi. Kama magurudumu mawili nimeyaweza miaka 22, moja litakuwa nusu ya kazi.

Niliiunda uwanjani, binti wa jirani akiwa amechuchumaa pembeni. Ana miaka tisa na anauliza maswali kama mkaguzi wa hesabu. Pedali yenye herufi L niliifunga kwenye mkono wenye L, ya R kwenye R, kwa spana, kwa ufundi, huku nikimpa lile somo. Ndugu Wright niliwaruka kwa sababu ya umri wake. Kisha nikachomeka kiti, nikakaza kibano, nikasimama nyuma nikiitazama kazi yangu.

"Mjomba, hii L maana yake nini?"

"Kushoto, kwa Kiingereza."

"Mbona iko kulia?"

Nikaangalia. Kweli, nikisimama nyuma ya kiti, L ilikuwa mkono wa kulia. Lakini kiti cha chombo hiki kimejipinda kama mwezi mwandamo, kimeinuka mbele na nyuma, na kwa macho ya mgeni ncha zote mbili zinafanana. Nikajibu kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa: "Mwanangu, baiskeli ya gurudumu moja haina mbele wala nyuma."

Jibu lilisikika kama hekima, nami mwenyewe likanipendeza. Tukaendelea.

Mazoezi yalianzia ukutani. Kwa asiyejua, hiki chombo hakina mnyororo, hakina gia, na hakina ule utaratibu wa kuacha kukanyaga gurudumu likaendelea kujiendea. Pedali zimeshikana moja kwa moja na ekseli. Gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, upende usipende. Miguu ikisimama, gurudumu linasimama, na wewe unaendelea na safari peke yako.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile miaka 22 haikuwa mtaji, ilikuwa deni. Mwili wangu ulijua mengi na yote yalikuwa ya kuangusha. Kwenye baiskeli ya kawaida ukiona hatari unainuka kwenye pedali. Hapa ukiinuka, pedali moja inabaki juu na nyingine chini, zimenyooka kama mishale ya saa kumi na mbili kamili, na miguu haina tena nguvu ya kulisukuma gurudumu mbele wala nyuma. Unabaki umesimama hewani kwa muda mfupi, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kisha unakwenda. Waliofuzu wanakuambia uzito wote uwe kitini, miguu iwe myepesi. Rahisi kusema. Ni kama kuniambia niukalie moto.

Mikono nayo. Nilikuwa naiona ikijinyoosha mbele yangu kushika usukani usiokuwepo. Si hivyo tu: vidole viwili vya kila mkono, cha shahada na cha kati, vilikuwa vinajikunja polepole. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Nilikuwa napiga breki.

Kuanguka kwenyewe si kubaya kama watu wanavyodhani, maana mara nyingi unatua kwa miguu. Kibaya ni chombo. Wewe unapotua mbele, chenyewe kinarushwa nyuma, au kinyume chake, na njiani pedali inapitia kwenye muundi. Pedali zangu zilikuwa na vijino vya kushikia soli. Kufikia mwisho wa juma la kwanza miundi yangu ilikuwa imepigwa mihuri kama pasipoti. Mke wangu alinitazama nikipaka dawa, akauliza kama kuna mtu ananilazimisha.

Hesabu nazo zilinitia aibu. Gurudumu la inchi 20 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 1.6. Nusu mzunguko ni sentimita 80, na ndio uliokuwa upeo wangu kwa siku nne mfululizo. Mtu ambaye Jumapili hukata kilomita 100 kabla ya chakula, sasa namwambia mke wangu kwa furaha kwamba leo nimevuka mita moja. Usiku nikasoma habari za Ed Pratt, kijana wa Uingereza aliyeondoka kwao mwaka 2015 akiwa na miaka 19, akauzunguka ulimwengu kwa baiskeli ya gurudumu moja, la inchi 36, akarejea 2018. Nikasoma pia kwamba Japani watoto wa shule za msingi huchezea vyombo hivi wakati wa mapumziko. Nikazima simu.

Siku ya tisa ukuta ukaniachia. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimechoka mno hata kupigana, nikakaa tu, kweli nikakaa, nikauacha mwili uangukie mbele kidogo na miguu ikalileta gurudumu chini yake. Ndiyo siri yote: unaanguka mbele bila kumaliza kuanguka. Mizunguko mitatu! Karibu mita tano, mikono nje kama kunguru anayekausha mbawa. Binti wa jirani akapiga makofi, halafu akainamisha kichwa.

"Mjomba, inasema *ka*."

"Inasema nini?"

"*Ka*. Kila ukikanyaga huku kulia. *Ka. Ka.*"

"Hizo ni beringi," nikamwambia. "Mpya huwa zinajiweka sawa."

Hazikuwa beringi.

Nilipofikisha mizunguko minane nikapandwa na kichwa. Nikawaita wenzangu wawili wa kikundi waje Jumamosi asubuhi waone. Ningeweza kusubiri, lakini sikio la kufa halisikii dawa, hata likiambiwa *ka* kila siku. Wakaja wamevaa kofia zao, wakaegemeza baiskeli zao ukutani. Jirani yangu mzee, ambaye ua wake wa michongoma unapakana na uwanja, alikuwa anamwagilia kwa mpira wa maji, akapunguza maji ili aone vizuri. Binti alikuwa juu ya kreti.

Nikaanza vizuri. Wallahi nilianza vizuri. Nilipita mzunguko wa nane, wa kumi, nikasikia mmoja wao akisema "aisee!" Nikainua kidevu. Kulia kwangu *ka* ilikuwa imegeuka *kraa*, lakini mtu anaposifiwa hasikii vyuma.

Kisha mguu wa kulia ukashuka, na pedali ikashuka nao, ila mkono wa pedali haukushuka. Ulibaki ulipokuwa. Nilichungulia nikaiona soli ya kiatu changu imekalia pedali vizuri kabisa, kama sinia mkononi mwa mhudumu, na kati ya pedali na baiskeli kuna hewa. Nilipata nafasi ya kulifikiria jambo hilo. Mguu wa kushoto, uliokuwa bado umeajiriwa, ukalisukuma gurudumu nusu mzunguko kwa bidii zote bila wa kulia kuupinga, na mimi nikaenda upande, nikaingia michongomani kwa bega, nikafuatwa na miguu, kisha kiti.

Michongoma ina miiba. Hilo pia nilikuwa nalijua kwa nadharia.

Kwanza palikuwa kimya, maji tu yakitiririka. Halafu nikasikia hatua za mwenzangu mmoja. Hakuja kwangu. Alienda kuokota pedali. Akaigeuza kwenye mwanga, akaifuta kwa kidole gumba.

"L," akasoma.

Akaja penye ua, akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akaangalia tena ile tundu upande wa kulia. Nikaona jambo linampambazukia usoni taratibu, na nikatamani michongoma inimeze nzima.

"Mtu anapokanyaga kwenda mbele," akaanza, kwa sauti yangu, kwa kituo changu, hata kwa kuinua kidole ninavyoinua, "uzito wa mguu hulemea upande mmoja wa tundu..." Alilimaliza somo lote, hakuruka neno. Alipofika mwisho akatua, akanitazama machoni kupitia majani, akasema, "Na ndugu Wright walikuwa mafundi wa baiskeli."

Mwenzake na yule mzee walikuwa wameketi chini. Watu wazima, wanalia machozi. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimetazama nyuma, baiskeli nzima ilikuwa inaendeshwa kinyumenyume, na kila mzunguko niliojivunia ulikuwa unafungua pedali zote mbili. Ya upande wa pili tuliikuta imebakiza hesi mbili.

Binti wa jirani alishuka kwenye kreti. Nilijiandaa kuambiwa "nilikwambia". Hakusema kitu. Alilegeza kibano, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakizungusha nusu duara, akakaza. Sekunde tatu. L ikawa kushoto. Akarudi kwenye kreti yake akakaa.

Mkono ule wa pedali ulikufa. Chuma cha pedali kiling'oka na hesi za aluminiamu, kikaacha tundu laini lenye vumbi linalometameta. Nikanunua mwingine, na fundi aliponiuliza imekuwaje nikamwambia niliazimwa nayo ikiwa hivyo.

Nikaanza upya, kiti kikitazama kunakostahili. Nilipanda kila jioni, bila kualika mtu. Baada ya wiki tano hivi nikawa naweza kuzunguka uwanja mzima, kukata kona kwa nyonga na mabega, hata kusimama kwa kuipinga pedali kwa miguu. Mwili ulikubali kusahau. Mikono haikutafuta tena usukani, vidole viliacha kupiga breki, na ukitaka kupunguza mwendo, unasukuma nyuma kwa kisigino, basi.

Jumapili iliyofuata nikarudi kwenye baiskeli yangu halisi, ya magurudumu mawili, tukapiga kilomita zetu na wenzangu, utani ukiwa umepungua hadi mara tatu kwa saa. Nilirudi nyumbani nimechoka kwa raha. Nikakata kona ya mwisho kwa kasi, nikaona lango limefungwa, na mwili wangu, ambao sasa umeelimika, ukafanya kama ulivyofundishwa. Visigino vikasukuma nyuma. Gurudumu la nyuma likajibu *trrrrr* na kuendelea na safari, maana lenyewe linaruhusiwa. Nikaona mambo yanaharibika, nikafanya kile ninachofanya siku hizi mambo yakiharibika: nikaachia usukani nikafungua mikono, kama kunguru.

Ilikuwa sehemu ileile ya michongoma. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuchipua.

Mzee alikuja na mpira wake wa maji, akasimama juu yangu kwa muda.

"Mwanangu, na hii ina magurudumu mangapi?"

"Mawili, mzee."

"Aa," akasema, akageuka kumwagilia upande wa pili.