Mteja Anapolitazama Gari Lako, Anaitafuta Pesa Yake

Alikuwa amesimama dirishani na kikombe mkononi wakati nafunga mlango wa gari kule chini uani. Nilipopanda ngazi na kuingia ofisini kwake nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Aliendelea kutazama nje. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: “Mwanangu, lile ni lako?”

“Ndiyo, mama.”

Lilikuwa na wiki tatu tu mikononi mwangu. Jeusi, refu, viti vya ngozi, bado linanukia upya. Mama huyu ana kiwanda kidogo cha uchapishaji, nami nilikuwa namfungia hesabu zake za mwaka kwa muda mrefu. Siku hiyo nilikwenda kuzungumzia ada mpya. Nilipoitaja, akageuza macho tena dirishani, akanyamaza kidogo, akasema: “Sasa naelewa.” Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alinilipa ada ya zamani kwa kazi iliyokuwa imebaki, na mwaka uliofuata akatafuta mhasibu mwingine.

Nimelirudia dirisha lile kichwani mara nyingi sana. Mama wa watu alikuwa ananiuliza swali halali kuliko yote ambayo mteja anaweza kumuuliza mtu anayemlipa: pesa yangu inakwenda wapi? Na jibu alikuwa analiona limeegeshwa chini yake, linang’aa.

Kuna watu hukaa na kusema gari halina maana, kazi ndiyo inayosema. Sikubaliani nao. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini kinahitaji muda wa kujiuza, na mteja anayekutana nawe kwa mara ya kwanza hana muda huo. Kazi yako bado hajaiona. Anachokiona ni viatu, mkoba, namna unavyosalimia, na kitu ulichoshukia. Atajenga picha kwa hivyo alivyo navyo, kama ambavyo mimi na wewe tunavyofanya kwa daktari tusiyemjua au fundi aliyetumwa na jirani.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa saikolojia, Anthony Doob na Alan Gross, walichapisha jaribio walilolifanya barabarani huko California. Walichukua gari na kulisimamisha kwenye taa nyekundu. Taa ilipogeuka kijani, dereva akawa hasogei. Nyuma yake kuna mtu anangoja. Wakati mwingine gari lililoziba njia lilikuwa Chrysler mpya la kifahari, wakati mwingine lilikuwa gari kuukuu la kawaida. Kwa lile kuukuu, asilimia 84 ya madereva walipiga honi. Kwa lile la kifahari, ni nusu tu. Na kuna wawili ambao hawakupoteza muda na honi: waliligonga bampa lile kuukuu kutoka nyuma.

Sehemu inayonigusa zaidi ni nyingine. Wanafunzi walipoulizwa kwa dodoso wangefanya nini katika hali hiyo, wanaume walijibu kwamba wangewahi kulipigia honi lile la kifahari. Kinyume kabisa cha kilichotokea barabarani. Maana yake ni kwamba gari linatufanya tuwe na adabu au tukose adabu hata bila sisi wenyewe kujua. Kwa hiyo mteja akikwambia kwamba yeye haangalii mambo ya gari, huenda anasema ukweli wa moyo wake, na bado gari lako limeshamwambia kitu.

Lakini adabu na imani ni vitu viwili. Yule dereva aliyesubiri kimya nyuma ya Chrysler hakuwa anataka kumkabidhi mwenye gari vitabu vya biashara yake. Alikuwa anampisha mkubwa. Mteja wangu hanipishi, ananikabidhi. Akinikabidhi, swali linageuka kutoka “huyu ni nani?” na kuwa “huyu atanifanyia nini, na kwa gharama ya nani?” Hapo ndipo gari lilelile lililonifungulia geti kwa mlinzi linaponifungia mlango kwa mwenye mali.

Mfano mkubwa wa jambo hili uliwakuta watengenezaji wa magari wenyewe. Novemba 2008, wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuliomba Bunge la Marekani mkopo wa dola bilioni 25 ili kampuni zao zisizame. Kila mmoja alifika kwa ndege binafsi ya kampuni yake. Mbunge mmoja akawataka wainue mikono wale waliokuja kwa ndege ya abiria wa kawaida. Hakuna mkono ulioinuka. Waliondoka mikono mitupu, na waliporudi Desemba walikuja kwa barabara kutoka Detroit, zaidi ya kilomita 800, kila mmoja ndani ya gari la haibridi, la mafuta na umeme, lililotengenezwa na kampuni yake. Hesabu za kampuni zao hazikuwa zimepona kwa zile wiki mbili. Mbali na mipango mipya waliyotakiwa kuileta, walibadilisha pia chombo walichoshukia, kwa sababu walikuwa wameelewa kwamba anayeombwa pesa hukitazama chombo kwanza.

Na tusisahau kwamba magari yalipangwa yawe hivi, yawe lugha ya kumtambulisha mtu. Alfred Sloan, aliyeishika General Motors mwaka 1923, aliyapanga magari ya kampuni kama ngazi: Chevrolet chini, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na Cadillac kileleni. Mtu akipandishwa cheo, apande na gari. Henry Ford alikuwa ameuza Model T kwa mamilioni, gari moja kwa kila mtu. Sloan akauza tofauti kati ya mtu na mtu. Miaka kama mia moja baadaye tungali tunaipanda ngazi ile, na wengi wetu tunaipanda kwa mkopo.

Hapo kwenye mkopo ndipo pananiuma.

Mwanauchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 kwamba ishara humsaidia mtu kuaminika pale tu inapokuwa ghali au ngumu kwa yule asiyestahili. Shahada ina maana kwa sababu mvivu anashindwa kuipata. Aliandika kuhusu soko la ajira, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Sasa chukua kipimo hicho ukiweke kwenye gari. Zamani gari kubwa lilimaanisha kwamba mwenye nalo amefanya kazi, amelipwa, ameweka akiba. Leo linamaanisha kwamba benki ilikubali. Mhasibu hodari na mhasibu mbovu wote wawili wanaweza kulipata wiki hiyohiyo, tena yule mbovu analihitaji zaidi. Wateja si wajinga, hasa wale waliojenga biashara zao wenyewe kutoka sifuri. Wanajua mkopo wa gari unavyofanya kazi kwa sababu wao wenyewe walishaukopa au walishaukataa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: wameusikia tangu utotoni na wanaukumbuka kila wanapoliona gari linalozidi kazi ya mwenye nalo.

Lakini vijana tunaowaajiri tunawaambia kinyume. Nimeona matangazo ya kazi ya mauzo, ya bima, ya udalali wa nyumba, yanayomtaka mwombaji awe na gari “la hadhi”, na mshahara wa kuanzia hautoshi hata marejesho ya gari hilo. Nimefunga hesabu za vijana kama hao. Najua mstari ambao marejesho, bima ya gari, mafuta na matengenezo vinaumeza mshahara wote kabla kodi ya nyumba haijaguswa. Kijana wa namna hiyo akikaa mbele ya mteja, hawezi kumwambia “mpango huu haukufai”. Anahitaji kamisheni ya mwezi huu, benki haingoji. Atauza kile kinachomlipa. Gari lililonunuliwa ili mteja amwamini ndilo linalomfanya asistahili kuaminiwa, na mwajiri aliyeweka sharti lile hatalibeba deni hata siku moja. Mimi naliita hilo dhuluma, na sioni neno jepesi zaidi la kuliita. Kama kampuni inataka mtumishi wake afike kwa gari la aina fulani, kampuni ilinunue.

Kazi zinatofautiana, hilo nalikubali. Dalali anayembeba mteja kiti cha pembeni akimzungusha kutazama nyumba, gari lake ni sehemu ya ofisi, na mkanda wa usalama usiofunga ni aibu ya kikazi. Mkandarasi akifika kwenye ujenzi na gari la chini lisilofika eneo la kazi, mafundi watamtazama kwa mashaka, lakini pikapu lenye vumbi na ngazi juu yake litamsemea vizuri kabla hajafungua kinywa. Wakili wa kampuni kubwa ana wateja ambao gari la kawaida litawatia wasiwasi kwamba hana kesi. Na wapo wengi sasa ambao wateja wao wanakutana nao kwenye skrini tu na hawatakaa walione gari lao, lakini bado wanalipa marejesho.

Ninachokiona katika kazi zote hizo ni kwamba mteja hasomi bei. Anasoma utunzaji, na anasoma uwiano. Wakala wa bima anayekuja kukuelezea hatari huku tairi zake zimekwisha kashata, amejipinga mwenyewe. Mimi ninayemwambia mtu apunguze matumizi, nikishuka kwenye gari linalokunywa mafuta kama langu lile jeusi, nami nimejipinga. Gari la miaka kumi na mitano lililooshwa, taa zote zinawaka, mlango unafunguka kwa ndani na nje, halijawahi kumpotezea mtu mteja kwa kadiri nilivyoona. Nasema hivyo nikijua wengi watabisha, kwa sababu hata mimi ningebisha. Nilinunua lile jeusi kwa kuwa niliamini kabisa kwamba gari kuukuu liliniponza.

Kabla yake nilikuwa na kigari cheupe, kidogo, rangi imefifia kwenye boneti. Mteja mmoja, mzee mwenye karakana ya samani, aliniomba lifti hadi benki baada ya kikao chetu. Nikamfungulia mlango, nikatoa karatasi zilizokuwa kwenye kiti chake na kuzirusha nyuma. Njiani alikuwa kimya. Mara moja aligeuza shingo akatazama nyuma, akarudisha uso mbele. Tulipofika akanishukuru, akafunga mlango taratibu, na mwezi ule ule akanitumia barua ya kusitisha huduma, ya mistari miwili.

Niliwasimulia wenzangu na wote wakaafikiana: ni gari. “Nani akukabidhi mahesabu yake ukimfuata na mkweche?” Nikaingia benki. Kwa ajili ya mteja ambaye alikuwa ameshaniacha nikachukua gari la miaka minne ya marejesho, na kwa gari hilo nikampoteza mama wa uchapishaji. Nililiuza kabla mkopo haujaisha, kwa bei ya chini kuliko deni, na tofauti ile niliilipa kwa miezi kumi na moja.

Mzee nilikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye mazishi ya mtu tuliyemfahamu sote wawili. Tulikaa viti vya jirani. Nilipopata nafasi nikamwomba radhi kwa kumbeba siku ile kwenye gari lile. Akanitazama kama mtu asiyeelewa.

“Gari gani?” akasema. “Mimi wakati ule nilikuwa natembelea gari bovu kuliko lako.”

Nikamuuliza, sasa ilikuwa nini, mzee wangu.

“Kiti cha nyuma,” akasema. “Ulikuwa umetupa faili la yule jirani yangu mwenye karakana ya pili, jina lake limeandikwa kwa kalamu nene, karatasi zimemwagika nje. Mauzo yake niliyasoma nikiwa nimekaa palepale. Nikajiuliza, langu limo kwenye gari akilitazama nani?”

Sikuwa na la kumjibu. Tukakaa kimya hadi walipotuita kusimama.

Siku hizi naendesha gari la kawaida, la rangi ya kijivu, limeshalipwa lote. Naliosha kila Ijumaa jioni na tairi nabadilisha kabla hazijakwisha. Kwenye buti kuna sanduku la bati lenye kufuli, funguo ninazo mwenyewe, na mafaili yote yanasafiri humo. Kiti cha nyuma hakina kitu.