Bannow: kiti cha ubunge kilichokuwa na mwenyewe

Kwenye ghuba ya Bannow, kaunti ya Wexford huko Ireland, ndiko Wanormani, watawala wa Uingereza wa wakati huo, waliposhuka Mei 1169 na kuanza kuitwaa nchi. Pakaota mji na bandari. Baadaye mchanga ukaziba njia ya meli, ukafukia mitaa, wakazi wakahama. Kilichosalia ni gofu la kanisa la Mtakatifu Maria, makaburi na malisho.

Pamoja na hayo, Bannow ilipeleka wabunge 2 kwenye bunge la Ireland huko Dublin hadi 1800.

Wanaoisimulia habari hii huucheka mchanga. Mimi naona mchanga hauna kosa. Miji hufa kila mahali. Cha ajabu ni kwamba haki ya kuchagua haikuzikwa na nyumba. Ilikuwa ya baraza la mji, na baraza liliendelea kuishi kwenye makaratasi, mikononi mwa tajiri mwenye ardhi. Yeye ndiye aliyeamua nani aende bungeni. Akitaka, kiti anakiuza. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi Ireland, walinyimwa kura tangu 1728 hadi 1793, na bungeni kwenyewe hawakuruhusiwa kuketi mpaka 1829.

Lakini kituko chenyewe, kwa maoni yangu, ni namna jimbo hilo lilivyofutwa. Ireland ilipounganishwa na Uingereza, viti vyake 300 vilipunguzwa hadi 100 huko London. Bannow ikakatwa, na mwenye nayo akalipwa fidia: pauni 15,000 kwa kila mji uliopoteza wabunge wake wote. Bwana Ely, aliyekuwa na miji ya Bannow, Clonmines na Fethard, akaondoka na pauni 45,000. Kwa jumla zililipwa pauni 1,260,000. Yaani sheria ilikiri waziwazi kwamba uwakilishi wa watu ni mali ya mtu, kama ng'ombe.

Najua utetezi wake: bila fidia mabwana hao wasingelikubali bunge lao lijifute. Sawa, huenda. Ila hiyo ni sababu ya kuwanunua watu, na ingeitwa hivyo hivyo badala ya kupewa jina la fidia. Mkulima wa Wexford, ambaye kwa miaka yote hiyo alisemewa na mtu asiyemchagua, hakuandikiwa hata senti.

Tena usafi wenyewe ulikuwa nusunusu. Miji mingine 31 iliachiwa mbunge mmoja mmoja, na mingi kati yake ilibaki mifukoni mwa mabwana walewale hadi mageuzi ya uchaguzi ya 1832.